Kuonyesha Ugomvi wa Wanandoa kwa Kamera: Mwongozo Kamili kwa Mtengenezaji wa Filamu Nchini Uganda

Katika filamu nyingi zinazotengenezwa kwetu, wanandoa hugombana kwa mdomo. Mume anafoka, mke analia, mlango unabamizwa, na kamera imesimama mahali pamoja kama jirani aliyeitwa kushuhudia. Mtazamaji anayefahamu lugha ya wahusika huambiwa kwamba kuna ugomvi, lakini hauhisi. Asiyefahamu lugha hiyo huona watu wawili wenye hasira, asijue nani amemkosea nani wala ni kitu gani kilichokatika kati yao. Nchini Uganda udhaifu huu hugharimu sana, kwa sababu filamu iliyoigizwa kwa Kiluganda huenda ikatazamwa Gulu, iliyoigizwa kwa Kiswahili huenda ikatazamwa Masaka, na yoyote kati ya hizo inaweza kuishia katika kibanda cha video ambako vijei hutafsiri na kusimulia juu ya sauti za waigizaji tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno yakishafunikwa, kinachobaki ni picha.

Hoja ninayoisimamia katika mwongozo huu ni kwamba ugomvi wa wanandoa, ukitazamwa kwa jicho la kamera, ni umbali unaobadilika. Watu wawili waliokuwa karibu wanasogea mbali, au wanaobanwa pamoja wanatamani kuachana, na kazi ya lenzi, taa, sauti na mkato ni kuupima umbali huo ili mtazamaji auone kabla hajaambiwa. Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia onyesho moja la kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho.

Onyesho lenyewe ni hili. Tuko Walukuba, mjini Jinja, katika chumba kimoja cha kupanga. Mume ni fundi wa pikipiki. Mke anauza vitenge sokoni. Kwa miezi kadhaa wamekuwa wakiweka akiba kwa ajili ya karo ya binti yao, Zaituni, anayeingia sekondari. Jioni umeme unakatika, mke anachukua simu ya mumewe ili awashe tochi, na kwenye kioo anakuta ujumbe wa kutuma fedha: akiba yote imekwenda kwa kaka wa mume. Chakula kimeiva, bado hakijapakuliwa. Onyesho linachukua dakika nne, na hakuna anayepaza sauti kwa hasira.

Hatua ya kwanza: Tambua kilichokatika kabla ya kuandika maneno

Chukua karatasi, uandike kwa kila mhusika mambo matatu: anataka nini katika dakika hizi nne, anaogopa nini, na anaficha nini. Usiridhike na jibu la kwanza. Ukiandika kwamba mke anataka fedha zirudi, utapata onyesho la madai, kama la mkopeshaji na mdaiwa. Mke wetu anajua kwamba fedha hazirudi usiku huu. Anachotaka ni kusikia mumewe akikiri mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba alipaswa kumshirikisha. Mume, kwa upande wake, anaogopa kuonekana kama mwanamume aliyemwacha ndugu yake azame, na anaficha kwamba yeye mwenyewe hana hakika kama alifanya jambo jema. Fedha ni chanzo tu. Kilichokatika ni imani ya mke kwamba yeye ni mtu wa kushauriwa katika nyumba ile.

Baada ya hapo, pitia mswada na kalamu, uweke alama kila mahali umbali kati yao unapobadilika. Katika onyesho letu nimepata alama nne. Kwanza, mke hajajua, na wako karibu. Pili, amesoma ujumbe lakini anajifanya hajasoma. Miili iko karibu, moyo umeondoka. Tatu, anauliza. Nne, mume anajibu kwa maneno matatu, "Ni kaka yangu," na kwa jibu hilo anachagua upande. Alama hizi ndizo zitakazoamua kila uamuzi wa kiufundi unaofuata. Mwongozaji asiyekuwa nazo hubadilisha picha kwa sababu amechoshwa na ile iliyopo, na mtazamaji huhisi uchovu huo.

Mazungumzo yaandike mwisho, na yawe machache:

"Mama Zaituni, mbona huli?"
"Nimeshiba, Baba Zaituni."
"Umeshiba nini, nawe hujagusa kitu?"
Kimya.
"Karo ya mtoto iko wapi?"
Kimya kirefu zaidi.
"Ni kaka yangu."

Hatua ya pili: Chora chumba na uwapange waigizaji ndani yake

Hii ndiyo hatua ninayoomba uitumie muda mwingi kuliko zote, kwa sababu mpangilio mbaya wa waigizaji hauponywi na lenzi yoyote, na mpangilio mzuri hustahimili hata kamera ya simu.

Chora chumba kwa kukiangalia kutoka juu. Weka mlango, dirisha lenye nondo, kitanda, pazia linalokitenga kitanda na sehemu ya kukaa, meza ndogo, kiti kimoja, mkeka, na jiko la mkaa pale kizingitini. Kisha jiulize ni wapi kila mmoja hukaa siku ya amani, maana ugomvi huonekana kwa kulinganishwa na mazoea. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1966, alieleza kwamba watu wa karibu sana huruhusiana kukaa ndani ya sentimita 45 hivi, na marafiki hukaa kati ya hapo na mita moja na robo. Vipimo hivyo alivichukua kwa Wamarekani, naye alitahadharisha kwamba kila jamii ina vyake, lakini wazo la msingi ni zuri: umbali wa miili ni lugha. Tatizo letu ni kwamba chumba cha mita tatu kwa tatu hakimpi mke pa kwenda. Hawezi kuondoka kwa hatua kumi kama mhusika anayeishi katika jumba lenye kumbi. Kwa hiyo, katika nyumba zetu umbali lazima ujengwe kwa vitu vingine: mgongo, macho, kimo cha mtu aliyesimama mbele ya aliyekaa, pazia, na kazi za mikono.

Fikiria tendo la kupiga magoti. Katika Buganda, Busoga na sehemu nyingine za nchi, wanawake wengi hupiga magoti wanapomsalimu au kumwandalia mume chakula. Sijadili hapa kama desturi hiyo idumu au iachwe. Ninasema tu kwamba ni kifaa kikubwa mikononi mwa mwongozaji. Ikiwa mapema katika filamu tumemwona mke akipiga magoti kumpa mumewe sahani, na usiku huu anaiweka mezani akiwa amesimama, kisha anageuka kuelekea jikoni, mtazamaji wa Kamuli na wa Masaka atashtuka kabla neno lolote halijasemwa. Sharti ni moja: lazima tuwe tumeiona siku ya kawaida kwanza. Tendo lililovunjwa halina maana kwa mtu ambaye hakulishuhudia likiwa zima.

Sasa wapange kwa alama zile nne. Katika alama ya kwanza, wote wako chini mkekani, magoti yakikaribia kugusana, wakimenya ndizi au wakihesabu vitenge vilivyobaki. Umeme unapokatika, mke ananyoosha mkono na kuchukua simu bila kuomba ruhusa, jambo linaloonyesha jinsi walivyozoeana. Katika alama ya pili, anasimama kwa kisingizio cha kupakua chakula. Sasa yeye yuko juu, mume yuko chini, na mume hajui bado kwamba kimo kimebadilika. Katika alama ya tatu, mke anakwenda kukaa kizingitini, karibu na jiko, nusu ndani na nusu nje, na swali lake analiuliza akiwa ameelekeza uso wake uani. Katika alama ya nne, mume anajibu, kisha anainuka na kupita nyuma ya pazia. Chumba ni kilekile, hakuna aliyetoka, na bado wametengana.

Wape waigizaji kazi za mikono na uwafanyishe mazoezi bila maneno kabisa, mara tatu au nne. Mke anayechochea mkaa ambao hauhitaji kuchochewa anasema mengi. Ukigundua kwamba onyesho halieleweki bila maneno, usiongeze maneno. Rudi kwenye mchoro.

Neno moja kuhusu kofi, ambalo filamu zetu hulikimbilia upesi. Mume akimpiga mke katika dakika ya kwanza, ugomvi umeacha kuwa ugomvi na umekuwa kosa la jinai, na hadithi yote inayofuata inalazimika kuwa juu ya kosa hilo. Ikiwa hiyo ndiyo hadithi yako, isimulie kwa uzito wake wote, pamoja na matokeo yake. Ikiwa sivyo, usilitumie kofi kujaza pengo la mpangilio duni.

Hatua ya tatu: Amua nani yuko katika fremu na nani ametolewa

Swali la kwanza la fremu katika ugomvi wa wanandoa ni rahisi kulisema na gumu kulitii: je, wako pamoja katika picha hii au kila mmoja yuko peke yake? Picha ya wawili husema bado kuna ndoa. Picha inayompiga mmoja huku bega la mwenzake likionekana pembeni husema wameunganishwa, hata kama hawataki. Picha ya mtu mmoja isiyo na chembe ya mwenzake husema kamba imekatika. Mwongozaji anayeanza onyesho kwa picha za mmoja mmoja amekwisha kutumia silaha yake ya mwisho, naye hana pa kupanda.

Kwa hiyo, anza na picha moja ya wawili, ndefu, isiyokatwa, inayobeba alama ya kwanza yote na sehemu ya pili. Waache watazamaji wauone ujumbe wa simu pamoja na mke, kwa picha ya karibu ya kioo kinachomulika vidole vyake, kisha urudi kwenye picha ileile ya wawili. Ni fremu ileile, watu walewale, lakini sasa sisi na mke tunajua, na mume hajui. Hapo mvutano unajijenga bila msaada wa muziki. Swali la karo linapoulizwa, nenda kwenye picha za begani. Picha ya mtu mmoja pekee itumie kwa mara ya kwanza kwenye jibu la "Ni kaka yangu," na impige mke, maana yeye ndiye aliyeachwa.

Ndani ya fremu, tumia mistari ya nyumba yenyewe. Mhimili wa mlango ukisimama kati ya nyuso mbili huigawa picha kama panga. Nondo za dirisha zikimkata mume anayechungulia nje humfanya aonekane kama mfungwa, nalo ni jambo la haki, kwa sababu wajibu wa undugu nao ni kifungo. Angalia pia nafasi iliyo mbele ya macho. Kwa kawaida tunamwachia mhusika nafasi upande anaoutazama. Ukimbana uso wake kwenye ukingo wa fremu upande huohuo na kuiacha nafasi tupu nyuma ya kisogo chake, mtazamaji atahisi kukosa pumzi hata kama hajui kwa nini.

Mahali pa kamera ni uamuzi wa kimaadili vilevile. Filamu ya Kiirani ya mwongozaji Asghar Farhadi iliyotoka mwaka 2011, inayojulikana kimataifa kwa jina la A Separation, inaanza kwa mume na mke waliokaa bega kwa bega wakimweleza hakimu kwa nini wanataka au hawataki kuachana, na hakimu hatumwoni kamwe, kwa sababu kamera imekaa mahali pake. Mtazamaji anajikuta amepewa kiti cha kuhukumu kabla hajajua lolote. Mwishoni mwa filamu hiyohiyo wanandoa wanasubiri katika ushoroba wa mahakama, kila mmoja upande wake, kioo kikiwa kati yao. Ninaitaja kwa sababu vitu vilivyotumika ni viti viwili, ushoroba na kioo, na hakuna hata kimoja ambacho hakipatikani Jinja au Mbale.

Katika onyesho letu, kamera iketi kwa kimo cha mkeka. Ikiwa juu ya bega la mume, tutamwona mke kwa macho ya mume. Ikiwa juu ya kichwa cha wote, tutawatazama kama wadudu. Chini, mkekani, tunakaa nao.

Hatua ya nne: Chagua lenzi, na uvuke mstari mara moja tu

Lenzi fupi, kama ya milimita 24, huongeza hisia ya umbali kati ya kilicho karibu na kilicho mbali. Mke akikaa kizingitini karibu na kamera na mume akiwa kitandani nyuma, chumba cha mita tatu kitaonekana kama ukumbi. Lenzi ndefu, ya milimita 85 kwa mfano, hufanya kinyume chake: inawabana wawili kana kwamba wamebandikwa, hali ambayo huufaa ugomvi wa watu wasioweza kukwepana. Tumia fupi baada ya jibu la mume, na ndefu kabla yake. Ikiwa unapiga kwa simu, lenzi yake kuu ina upana unaokaribia ule wa milimita 24 hadi 26, kwa hiyo usikuze picha kwa vidole. Sogeza simu yenyewe. Uiepuke pia programu ya simu inayoitia ukungu sehemu ya nyuma ya picha kwa hesabu, kwa kuwa hukosea kwenye nywele, kwenye mvuke wa chakula na kwenye ukingo wa pazia, na kosa dogo la namna hiyo humtoa mtazamaji katika huzuni ya mke.

Kuhusu mstari wa nyuzi 180: chora mstari wa kuwaza unaowaunganisha wawili, uweke kamera upande mmoja wa mstari huo katika onyesho zima, ili mke daima atazame kulia na mume kushoto. Kisha uvuke mara moja, wakati wa jibu la mume. Ghafla mke atatazama upande uliokuwa wa mumewe, na chumba kitaonekana kimepinduka. Ukivuka mara mbili, itaonekana ni makosa.

Hatua ya tano: Uache mwanga nao ugawanyike

Jinja na Kampala ziko karibu kabisa na ikweta, na jambo hili lina matokeo mawili ambayo vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya havikuandai nayo. Adhuhuri jua hukaa karibu utosini, likitia vivuli vyeusi machoni na kuzificha hisia, kwa hiyo usiupige ugomvi wa uani saa sita mchana isipokuwa chini ya kivuli. Jioni nayo ni fupi: jua huzama karibu saa moja mwaka mzima, na baada ya hapo una takriban dakika 20 za mwanga wa buluu kabla ya giza. Ikiwa onyesho letu linaanza jioni, mazoezi yote yawe yamekamilika saa kumi na moja, na picha ya wawili ipigwe kwanza.

Umeme kukatika ni zawadi ya kifilamu tunayoilalamikia kila siku. Taa inapozimika, kila mmoja anabaki na chanzo chake cha mwanga. Mke ana simu, yenye mwanga mweupe wa baridi unaopanda kutoka chini na kuufanya uso uwe mgeni. Mume ana tadooba (kibatari) au mshumaa, wenye mwanga mwekundu wa kuyumba. Watu wawili katika chumba kimoja wenye rangi mbili za mwanga wameshatengana. Weka kipimo cha rangi ya mwanga cha kamera katika kelvini 3,200 au zaidi kidogo, bila kuiruhusu ijipange yenyewe, vinginevyo itajaribu kuzipatanisha rangi hizo na kuua ulichokikusudia. Mke anapoizima tochi kabla ya kuuliza swali lake, anabaki na mwanga wa makaa ya jiko tu, na mtazamaji analazimika kumtafuta gizani kama mumewe anavyopaswa kumtafuta.

Kwa sehemu zinazopigwa umeme ukiwapo, kumbuka kwamba umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Piga fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, ili taa za bei nafuu zisicheze kwenye picha.

Rangi za mavazi na vitambaa zinahitaji uamuzi mmoja tu: kitu kimoja cha rangi inayofanana kiwaunganishe mwanzoni, kwa mfano kitenge cha mke na shuka la kitanda, kisha kiondolewe. Zaidi ya hapo rangi huanza kujionyesha.

Hatua ya sita: Sikiliza kimya, na uchague lugha ya kugombana

Kabla ya kupiga picha yoyote, nyamazisheni watu wote na mrekodi dakika moja ya sauti ya chumba kitupu. Utaihitaji katika uhariri, kwa kuwa kimya cha wanandoa si utupu. Kina redio ya jirani, mtoto anayekariri masomo chumba cha pili, bodaboda inayopita, na mafuta yanayochemka. Katika nyumba za kupanga ukuta haufiki darini kila mara, na wapangaji wote husikia. Sauti ya redio ya jirani inapopunguzwa ghafla katikati ya ugomvi, tunajua kwamba majirani wameanza kusikiliza, na aibu inaingia chumbani kama mtu wa tatu. Hiyo ni mbinu isiyogharimu chochote.

Mvua juu ya mabati ni jambo jingine. Huanza kwa kishindo na kuyameza maneno yote. Wengi husitisha kazi. Mimi nakushauri uiandike ndani ya mswada, kisha uirekodi peke yake na kuiweka katika uhariri, kwa sababu maikrofoni haitanasa mazungumzo chini ya mabati yanayopigwa na mvua. Mume akisema jibu lake wakati mvua inaanza, na mke akalazimika kumwambia arudie, maneno matatu yaleyale yanayorudiwa kwa sauti kubwa hayana tena pa kujificha.

Halafu kuna lugha, ambayo kwa mtengenezaji wa filamu wa Uganda ni ala yenye nyuzi nyingi kuliko anavyotambua. Wanandoa wengi wa Walukuba, Kasese, Arua au Busia walikutana wakitoka makabila tofauti, na Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja lao. Mume wetu akipokea simu ya kaka yake mbele ya mkewe na kuhamia lugha ya nyumbani kwao, ambayo mke haielewi vizuri, amemfungia mlango akiwa amekaa naye mkeka mmoja. Piga picha ya uso wa mke akisikiliza lugha isiyo yake. Usiweke tafsiri chini ya picha katika sehemu hiyo, ili mtazamaji naye abaki nje. Na uangalie uzito wa kila lugha mahali pake. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, lakini kwa wazee wengi wa Uganda ya kati kinakumbusha askari na vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970 na 1980. Mume wa Kampala anayeacha Kiluganda katikati ya ugomvi na kuanza kumwamuru mkewe kwa Kiswahili amevaa sare bila kuvaa. Mume wa Walukuba anayerudi kwenye Kiswahili anaomba suluhu, maana hiyo ndiyo lugha waliyopendania. Ni lugha moja yenye maana mbili zilizo kinyume, na mwandishi asiyelijua hilo atajipinga mwenyewe.

Namna ya kuitana nayo ihesabu. Mke anayemwita mumewe "Baba Zaituni" kila siku, akiuliza "Karo ya mtoto iko wapi?" bila kumwita jina lolote, amemvua cheo. Mwigizaji asilisisitize hilo kwa sauti. Litasikika.

Muziki uuweke akilini kama chumvi. Mimi ningeliacha onyesho hili bila muziki kabisa.

Hatua ya saba: Kata kwa kumfuata anayesikiliza

Mhariri asiye na uzoefu hukata kwenda kwa anayezungumza. Katika ugomvi wa wanandoa, habari kubwa iko kwa anayesikiliza, kwa sababu anayezungumza amejiandaa na anayepokea hakujiandaa. Mume anaposema "Ni kaka yangu," tuwe tayari kwenye uso wa mke kabla ya neno la kwanza. Sauti ije kutoka nje ya fremu. Kisha kaa hapo. Hesabu sekunde nane moyoni, hata kama mkono unawasha kutaka kukata.

Mfungamano wa sauti na picha nao huweza kusema habari za umbali. Sauti ya onyesho linalofuata, kwa mfano kelele za soko asubuhi, ikianza kusikika tukiwa bado tunamwona mke kizingitini gizani, tunaelewa kwamba usiku mzima umepita bila wao kuzungumza.

Ikiwa unahitaji kuonyesha ndoa inayochakaa kwa miaka, usilundike ugomvi juu ya ugomvi. Jifunze kwa Orson Welles, ambaye katika filamu yake Citizen Kane ya mwaka 1941 alionyesha ndoa ya kwanza ya mhusika wake ikifa kwa dakika chache za vifungua kinywa mfululizo. Katika kile cha kwanza mume anamsogelea mkewe kwa mapenzi. Nguo hubadilika, maneno hupungua na kuwa makali, na katika kile cha mwisho wamekaa kwenye ncha mbili za meza ndefu, kimya, mke akisoma gazeti la mshindani wa mumewe. Meza moja ilitosha. Kwetu inaweza kuwa sahani moja ya kulia pamoja, kisha sahani mbili, kisha sahani moja iliyofunikwa inayomsubiri mtu ambaye hajarudi.

Mwisho wa onyesho usifunge kila kitu. Satyajit Ray alimalizia filamu yake Charulata, ya mwaka 1964, kwa mikono ya mke na mume inayonyooshwa ili ikutane, na picha ikagandishwa kabla haijagusana. Katika onyesho letu, mume yuko nyuma ya pazia na mke yuko kizingitini. Ningemwonyesha mume akiinua mkono na kulishika pazia kutoka ndani, vidole vinne vikionekana ukingoni, kisha ningekata kabla hatujajua kama atalifungua au ataliziba vizuri zaidi.

Hatua ya nane: Jaribu kazi yako mbele ya mtu asiyejua lugha

Kabla hujaitoa filamu, itisha watu wanne au watano ambao hawaelewi lugha ya wahusika wako. Katika mji wowote wa Uganda watu hao wako mlango wa pili. Waonyeshe onyesho mara moja, sauti ikiwa imezimwa kabisa, kisha usiwaulize kama wamelipenda. Waulize maswali matatu: nani alijua jambo ambalo mwenzake hakulijua, ni wakati gani waliachana, na nani kati yao angeweza kurekebisha mambo kwa neno moja. Andika majibu bila kubishana nao. Wakikosea swali la kwanza, kasoro iko kwenye picha ya simu. Ipige tena kwa karibu zaidi, au uiache idumu sekunde mbili zaidi. Wakikosea la pili, rudi kwenye mpangilio, hasa pale mke anaposimama. Wakigawanyika katika swali la tatu, wengine wakimtaja mume na wengine mke, usirekebishe chochote. Rudisha sauti, uwaonyeshe tena, na uwaache wabishane wao kwa wao.